Kisiwa cha Saanane na haki ya familia kupumzika



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa sababu naamini si langu peke yangu. Mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu hapa Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii. Mwezi uliopita nilikuwa nafundisha kidato cha pili Surat al-Ghaashiyah, nikafika aya ya 17 mpaka ya 20, pale ambapo Allah (s.w.) anawauliza watu kwa nini hawatazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Nikaandika ubaoni, nikafafanua na kutoa mazoezi. Kijana mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono.

“Ustaadh, hapa Mwanza hatuna ngamia. Sasa sisi tutazame nini?”

Nikamjibu jibu la haraka, kwamba tutazame kila alichokiumba Allah: ziwa, mawe, ndege, visiwa. Nikadhani nimemaliza. Akanyoosha mkono tena.

“Ustaadh, wewe umeshafika Saanane?”

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sijafika. Kutoka mlimani tunakoishi kisiwa kile tunakiona kila siku tunapofungua mlango. Miaka tisa nimesomesha aya za maumbile ya Allah ndani ya chumba chenye madirisha ya nondo, na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika liko hapo chini. Mbaya zaidi, mke wangu na watoto wangu wawili nao walikuwa hawajafika, na sababu ilikuwa mimi. Kila walipouliza kuhusu kwenda matembezi, niliwaambia kwamba fukweni ni mahali pa wahuni.

Katika makala hii nakusudia kueleza mambo matatu: uislamu unasemaje juu ya matembezi na mapumziko, tuliona nini tulipokwenda Saanane, na ni adabu zipi Muislamu azichunge anapokwenda sehemu kama ile.

Je, matembezi ni lahwi?

Nilipotangaza nyumbani kwamba Jumamosi tutakwenda Saanane, habari ilifika msikitini kabla ya Isha. Mzee wetu mmoja, alhaji ninayemheshimu sana, alinivuta pembeni baada ya swala.

“Ustaadh, nasikia unapeleka watu kwenye lahwi. Hujui hadithi kwamba kila mchezo wa Muislamu ni batili isipokuwa mitatu?”

Nilimwambia, “Naijua mzee wangu. Na hiyo mitatu ni ipi?”

Akahesabu kwa vidole: kurusha mishale, kumfundisha farasi, na mtu kucheza na watu wa nyumbani kwake. Alipofika kidole cha tatu akanyamaza kidogo. Nikamwambia kwa adabu, “Basi mzee wangu, mimi nakwenda kwenye hicho kidole cha tatu.” Akatabasamu, lakini hakuridhika moja kwa moja. Akaniambia nijihadhari.

Hadithi aliyoitaja mzee imepokelewa na Tirmidhi na Abu Daud. Wanazuoni, akiwemo Imam al-Ghazali, wameeleza kwamba neno “batili” hapo lina maana ya jambo lisilo na faida, wala si lazima liwe haramu. Na tazama jinsi hadithi hiyo hiyo, ambayo wengi wetu tunaitumia kuwafungia watoto ndani, inavyoweka mchezo wa baba na familia yake katika daraja moja na mazoezi ya jihadi.

Mifano katika sira ya Mtume (s.a.w.) ni mingi. Alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), safari ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baadaye alipokuwa ameongezeka mwili Mtume akamshinda yeye. Siku ya Idd alimsitiri kwa shuka lake akawatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini mpaka alipotosheka mwenyewe. Alimtania mtoto mdogo Abu Umayr juu ya kindege chake kilichokufa. Haya yote yamo katika vitabu vya hadithi tunavyoviheshimu, lakini ni mara ngapi tumeyasikia kwenye mimbari?

Ama kuhusu kutoka kwenda penye maji na kijani, Abu Daud amepokea kwamba Bi Aisha aliulizwa juu ya kutoka kwenda nyikani, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa na kawaida ya kutoka kwenda kwenye mikondo ya maji ya mabonde. Kulikuwa pia na bustani ya Abu Talha (r.a.) pale Madina, ikiitwa Bayruha, inayotazamana na msikiti. Mtume alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Siku nyingine alikutwa na maswahaba zake ameketi ukingoni mwa kisima cha Aris, ndani ya bustani, miguu ameining’iniza. Huyu ndiye mtu aliyebeba mzigo mzito kuliko wanaadamu wote, na alipata wasaa wa kukaa penye maji. Wewe na mimi tuna shughuli gani hizo zinazotuzuia?

Kuna pia kisa cha Handhala (r.a.), kilichomo katika Sahih Muslim. Yeye alijiona mnafiki kwa sababu mbele ya Mtume moyo wake unakuwa juu, kisha akirudi kwa mke na watoto unapoa. Mtume alimfahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile ya mwanzo, Malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani, lakini kuna saa ya hili na saa ya lile. Na Salman (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa amemwacha mkewe kwa ajili ya ibada za usiku na funga za mchana, alimkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman.

Kwa hiyo suala si kama matembezi ni halali. Suala ni kwamba tumeigeuza haki ya watu wetu kuwa hisani, tena hisani ambayo hatuitoi.

Hofu ya mama watoto

Nilipodhani nimemaliza vikwazo, nikakutana na kimoja ambacho sikukitegemea. Ijumaa usiku mke wangu aliniambia, “Baba Sumayya, wewe nenda na watoto. Mimi nitawapikia, nibaki.”

Nikamuuliza kulikoni. Akanyamaza, kisha akasema, “Mjomba aliondoka na meli. Unasahau?”

Kweli nilikuwa nimesahau. Mjomba wake alikuwa katika MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu. Mke wangu alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Hakumbuki sura ya mjomba, lakini anakumbuka kilio kilichokuwa kinarudi nyumbani kila mwaka tarehe hiyo ikifika. Wengi wa waliokufa walizikwa Igoma, wengine hawakupatikana kabisa. Na mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Mwanza, maji si pambo tu, yana wenyewe walioondoka nayo.

Sikumlazimisha. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, Mtume (s.a.w.) amefahamisha kwamba anayekufa kwa kuzama ni miongoni mwa mashahidi, hivyo tunamtarajia mjomba kheri. La pili, kuogopa si udhaifu wa imani, na Mtume alimwagiza bedui amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee. Nikamuahidi kwamba kama boti itajazwa kupita kiasi au jaketi okozi halipo kwa mmoja wetu, tutarudi nyumbani sote bila kubishana.

Asubuhi nikamkuta amevaa.

Tulichokiona kisiwani

Saanane ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, tena maji yakiwemo. Imebeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa mwenyeji wa kisiwa hicho, ambaye alihama kukipisha. Mwaka 1964 palifanywa bustani ya wanyama, mwaka 1991 pakawa pori la akiba, na mwaka 2013 pakapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Boti zinaondokea upande wa Capri Point, na safari yenyewe haimalizi hata robo saa.

Watu walihesabiwa, kila mmoja akavaa jaketi lake. Mke wangu alikaa katikati, mkono mmoja kamshika Bilal mwenye miaka sita, mwingine kaushika ubao wa boti. Tulisoma dua aliyoisoma Nabii Nuh (a.s.) alipopanda safina, iliyo katika Surat Hud aya ya 41, kwamba ni kwa jina la Allah kwenda kwake na kusimama kwake. Dua hiyo nimeisomesha mara nyingi, lakini sijawahi kuisikia ikisomwa kama alivyoisoma mama Sumayya asubuhi ile.

Tulipofika, jambo la kwanza lililotupokea ni mawe. Mwanza tunaishi juu ya mawe, tunajenga juu yake na kuanika nguo juu yake, mpaka hatuyaoni. Pale kisiwani, pasipo na nyumba, unayaona. Ni majabali makubwa yaliyopandiana, mengine yana mistari myeupe, mengine ya wekundu, mengine yamekuwa meusi kwa mvua na jua. Nikawaonyesha watoto, nikawakumbusha Surat Faatir aya ya 27, inayotaja kwamba katika milima mna njia nyeupe na nyekundu za rangi mbalimbali, na nyeusi sana. Sumayya, ambaye ana miaka kumi na moja, akapitisha kidole juu ya mstari mweupe ndani ya jabali, akasema, “Kumbe ndiyo hii.” Aya hiyo ameihifadhi tangu mwaka juzi.

Juu ya jabali moja kulikuwa na mjusi mkubwa, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu, akiinua na kushusha kichwa. Wataalamu wa viumbe wamempa mjusi huyu jina linalobeba jina la mji wetu, Agama mwanzae. Tuliona swala pala, tumbili, kenge anayekatiza njia taratibu, na ndege wa kila aina wakielea juu ya maji. Nikakumbuka Surat al-Mulk aya ya 19, inayotuuliza kama hatuwaoni ndege juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa.

Lakini aliyewashangaza zaidi watoto ni pimbi. Ni mnyama mdogo, ukimtazama haraka utasema ni sungura asiye na masikio marefu, na pale mawe yote ni yake. Mwongozaji wetu alituambia kwamba jamaa za karibu za pimbi, katika wanyama walio hai leo, ni tembo na nguva. Bilal alidhani anataniwa. Wataalamu wamefikia hapo kwa kuchunguza meno yake, miguu yake na mambo mengine ya mwili wake. Aliyemfanya pimbi akae juani juu ya jabali, tembo atembee porini na nguva aogelee baharini ni Mmoja. Katika Surat al-An’aam aya ya 38 tunafahamishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi.

Kisha tukapanda juu ya kilele kidogo, tukakaa kutazama ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na humo ndimo unamoanzia Mto Nile Mweupe. Katika Surat Faatir aya ya 12, Allah (s.w.) anataja maji mawili makubwa yasiyolingana, moja tamu la kukata kiu na jingine la chumvi kali, na kwamba katika yote mawili tunakula nyama laini na tunaona majahazi yakipasua. Watu wa pwani wanayo ile ya chumvi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo hii tamu, na sato na dagaa wake, na hatuishukuru.

Mke wangu alikaa pale kwa muda mrefu bila kusema. Niliona midomo yake inatikisika, nikajua anamuombea mjomba wake. Mwishoni akaniambia, “Miaka yote nimeyaona maji haya kama kaburi. Leo ndiyo mara ya kwanza nayaona kama maji.”

Sikuwa na la kumjibu. Nilijiuliza tu: ameishi na mimi miaka kumi na mbili, mlango wetu unatazama ziwa, na mimi ni mwalimu. Kwa nini sikuwahi kumuuliza?

Hifadhi si jambo geni katika Uislamu

Nimewahi kusikia Waislamu wenzangu wakisema kwamba hifadhi na bustani za wanyama ni mambo ya Wazungu. Kauli hii inatokana na kutojua. Mtume (s.a.w.) aliutangaza mji wa Madina kuwa haram, eneo lililo baina ya ardhi zake mbili za mawe meusi, akakataza wanyama wake kuwindwa na miti yake kukatwa. Makka ilikuwa hivyo kabla yake. Pia alitenga malisho ya an-Naqi’ kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (r.a.) akatenga Sharaf na Rabadha. Maeneo hayo yaliitwa “hima”, yaani sehemu iliyohifadhiwa kwa maslahi ya watu wote.

Basi Muislamu anayekwenda Saanane au sehemu nyingine ya umma anatakiwa aingie akijua kwamba anaingia katika mali ya umma, ambayo yeye ni mmoja wa wenyewe na ataulizwa juu yake.

Adabu za matembezi

Kutokana na safari ile, na makosa tuliyoyaona kwetu na kwa wengine, nimekusanya adabu zifuatazo.

Kwanza, chagua wakati na mahali. Hoja ya alhaji ina ukweli ndani yake: zipo fukwe ambazo jioni ya Jumapili hazifai kwa mwanao. Lakini jibu lake ni kwenda Jumamosi asubuhi, au kuchagua sehemu yenye utulivu, si kufunga mlango mwaka mzima. Na tukumbuke kwamba sehemu ya umma ikikimbiwa na watu wenye haya, inabaki kwa wasio na haya. Kisha sisi sisi tunalalamika.

Pili, chunga haki za mahali pa watu. Maswahaba walipotaka ruhusa ya kukaa njiani, Mtume (s.a.w.) aliwaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Haki hizo zinaingia katika bustani ya umma herufi kwa herufi. Kupiga kaswida kwa spika kubwa katikati ya watu waliokuja kupumzika nako ni kuudhi.

Tatu, usalama kwanza. Vaa jaketi okozi, na umvishe mtoto kabla yako. Usipande chombo kilichojaa kwa sababu tu wengine wamepanda. Allah (s.w.) ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu, katika Surat al-Baqarah aya ya 195. Kina cha maji huwezi kukijua kwa macho, na katika ziwa hili mna mamba.

Nne, jihadhari na kichocho. Maji ya ziwa ni twahara na yanatwaharisha, na udhu wake unasihi bila shaka. Lakini maji ya kando ya ziwa yenye majani na konokono yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi. Kwa hiyo sisi tulibeba dumu la maji ya bomba kutoka nyumbani kwa ajili ya udhu, na watoto hawakuingiza miguu ziwani. Hapa ndipo utaona hekima ya hadithi iliyo kwa Abu Daud, inayotahadharisha juu ya mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye maji wanapokwenda watu, njiani, na kivulini. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia katika konokono, kisha vinatoka kumtafuta mtu mwingine. Anayejisaidia kando ya ziwa anawadhulumu watu asiowajua.

Tano, ondoka na taka zako. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, basi kuuweka ni nini? Tulipokuwa tunashuka, Bilal aliacha chupa ya maji juu ya jiwe. Dada yake akaiokota akamwambia, “Baba yako ni ustaadh.” Watoto wanatupima kuliko tunavyodhani.

Sita, usiwalishe wala usiwasumbue wanyama. Tumbili aliyezoea kupewa chakula hugeuka mnyang’anyi, kisha anapigwa mawe kwa kosa tulilomfundisha sisi.

Saba, swala kwa wakati wake. Adhuhuri ilitukuta kisiwani. Kutoka Mwanza kibla kiko kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo tulijipanga juu ya jabali bapa nje ya njia ya watu, tukaswali rakaa nne kamili. Wengine wanadhani ukishapanda boti umekuwa msafiri. Hapana, masafa yale hayafiki popote karibu na masafa ya kupunguza swala. Ardhi yote imefanywa kuwa msikiti kwa umma huu, na hakuna sababu ya kurudi na swala iliyopita. Familia moja isiyo ya Waislamu ilikuwa inakula karibu yetu. Tulipoanza kuswali wakapunguza sauti bila kuambiwa, na tulipomaliza tukasalimiana nao vizuri.

Vipi kuhusu gharama?

Najua kuna msomaji anayesema, “Ustaadh, una maneno mazuri, lakini mimi nina watoto watano na kodi ya nyumba.” Ni kweli kwamba kisiwani kuna kiingilio na boti. Sisi tulidunduliza mwezi mzima, na chakula tulibeba wali na samaki kutoka nyumbani.

Lakini si lazima uanze na hifadhi. Jiwe la Bismarck linaonekana bure kutoka kando ya ziwa, karibu na kivuko cha Kamanga. Walioko Bukoba na Musoma wana ufukwe wao, walioko Kigoma wana Tanganyika, walioko Dar es Salaam na Tanga wana bahari. Anayekosa yote hayo hakosi mti wenye kivuli. Kinachokosekana majumbani mwetu mara nyingi si fedha, ni saa mbili za baba akiwa amezima simu. Wapo akina baba ambao kila jioni wana fedha ya kahawa na kashata barazani, na wake zao hawajawahi kuona upande wa pili wa mtaa.

Nasisitiza juu ya wanawake. Mara nyingi tukisema matembezi ya Waislamu tunapanga vijana wa kiume, mpira na basi, na mabinti wanabaki kuosha vyombo. Bi Aisha alitazama mpaka akatosheka mwenyewe, Mtume (s.a.w.) akimngoja kwa subira. Ni nani miongoni mwetu aliyewahi kumngoja mkewe atosheke?

Mwisho

Jumatatu niliingia kidato cha pili. Kabla sijaandika tarehe ubaoni, yule kijana wa nyuma akauliza kwa macho tu. Nikamwambia, “Nimefika.” Nikawaeleza juu ya mistari ndani ya mawe, juu ya pimbi na tembo, juu ya swala ya Adhuhuri kwenye jabali. Walisikiliza kuliko siku zote nilizowafundisha.

Nilipomaliza akanyoosha mkono. “Na sisi lini, Ustaadh?”

Hilo ndilo swali ninalowaletea wazazi, walimu wa madrasa na maimamu wanaosoma ukurasa huu. Tunakusanya michango ya mambo mengi. Je, hatuwezi kutenga siku moja katika mwaka, watoto wetu wa kike na wa kiume, pamoja na mama zao, wakatoka kwenda kuziona aya wanazozihifadhi? Sisi tumeshaanza kuandika majina. Na jina la kwanza katika orodha ya wasimamizi, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni la yule alhaji wetu wa kidole cha tatu. Amesema ana mjukuu wa kike wa miaka minane ambaye hajawahi kupanda boti, naye anataka awe karibu yake.

Wabillahi tawfiq.